Nilimvua mashine mtoto wa jirani yangu, na sasa ananishukuru

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, nafanya kazi wodi ya watoto wachanga katika hospitali moja ya huku Nyanda za Juu Kusini. Tafadhali usitaje wilaya. Mji wetu ni mdogo, ukikohoa asubuhi mchana unapewa pole sokoni.

Nina jirani tunayesali naye jumuiya moja. Mwaka jana mwezi Juni alishikwa na uchungu mimba ikiwa na wiki 30, akajifungua mtoto wa kiume wa kilo 1.3. Alizaliwa akiguna kila anapotoa pumzi, pua zinatanuka, kifua kinabonyea ndani. Tukamweka kwenye sipapu, ile mashine inayosukuma hewa puani muda wote ili mapafu yasijikunje. Wakati huo tulikuwa nazo mbili, lakini moja ilikuwa mbovu, kwa hiyo ni sawa na kusema tulikuwa na moja.

Siku mbili za kwanza aliendelea vizuri. Usiku wa siku ya tatu zamu ilikuwa yangu, mimi na mhudumu mmoja, watoto 11. Baridi ya Juni ya huku unaijua. Saa 8 usiku akaletwa mtoto wa kike kutoka kituo cha afya, wiki 29 kwa makadirio, kilo 1.1. Alikuwa wa bluu, mwili baridi, na hata baada ya kumwekea oksijeni ya kawaida kipimo cha oksijeni kwenye damu kilikuwa kinasoma asilimia 70 na kitu. Daktari wa zamu alikuwa thieta, anampasua mama mwingine. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani na mgonjwa wa rufaa kwenda Mbeya. Nilipiga simu thieta, wakamwekea daktari sikioni. Akaniambia, "Wewe ndiye unayewaona. Amua."

Nikamwangalia yule wa kwanza. Oksijeni 94, kifua hakibonyei kama mwanzo, anapumua mara 56 kwa dakika. Nikamvua mashine, nikamwekea oksijeni ya kawaida puani, nikabadilisha mirija, nikamfungia mashine yule wa kike. Haikupita nusu saa akaanza kupata rangi.

Saa 11 alfajiri yule wa kwanza alisahau kupumua. Nikamsugua nyayo, akarudi. Akasahau tena, nikampuliza kwa ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, akarudi. Mara ya tatu daktari alikuwa ameshafika. Tulihangaika naye wote wawili, hakurudi.

Mama yake alikuwa chumba cha akina mama, amelala na kikombe cha kukamulia maziwa pembeni. Mimi ndiye niliyekwenda kumwamsha. Nilimwambia, "Tumejitahidi, mapafu yake yalikuwa bado." Ni kweli, lakini haikuwa kweli yote.

Yule wa kike aliruhusiwa akiwa na kilo 1.8. Namwona kliniki, amenona. Kila nikimweka kwenye mzani mikono inanitetemeka.

Sasa linaloniumiza ni hili. Jirani yangu ananishukuru. Kwenye jumuiya anawaambia watu kuwa mimi nilimpigania mwanaye mpaka mwisho. Akivuna viazi ananiletea ndoo nzima. Mama mkwe wake anasema mtoto alikufa kwa sababu yeye alibeba kuni na mimba kubwa, na mwenyewe ameliamini hilo. Mimi nakaa pale nasikia, nasema "pole." Sasa ana mimba nyingine ya miezi minne. Ameniomba nimsindikize kliniki na niwepo siku ya kujifungua, kwa sababu kwenye hospitali ile ananiamini mimi tu.

Nilimwambia kiongozi wangu kuwa nataka kumweleza ukweli. Akanijibu, "Ya wodini yaishie wodini, utatupeleka wote polisi." Mume wangu anataka niombe uhamisho. Silali, Mshauri. Hata maji yakichemka jikoni nasikia ile chupa ya sipapu inavyobubujika. Nimwambie? Nikimwambia si nitakuwa nimemfisha mtoto wake mara ya pili? Na nikinyamaza, nitamshikaje mkono leba?

Muuguzi, Nyanda za Juu Kusini

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nakupa pole ya msiba, maana naona katika mwaka mzima huu hakuna aliyekupa. Jirani yako alipewa, japo kwa masimango. Wewe ulimfunika yule mtoto, ukaandika faili, ukamkabidhi mwenzako zamu ya asubuhi, ukarudi nyumbani kupika.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila nikirudia naona umefunga mizigo mitatu kwa kamba moja. Kuna swali kama wewe ndiye uliyemuua mtoto yule. Kuna swali la nani anastahili kujua yaliyotokea saa 8 usiku. Na kuna mimba hii ya sasa, ambayo haisubiri wewe umalize kujihukumu. Umeuliza la pili tu, "nimwambie?", lakini naona la kwanza ndilo linalokunyima usingizi. Ndiyo maana nataka tuanze nalo.

Umeandika kwa mpangilio huu: nilimvua mashine, akafa. Kabla sijakujibu nilizungumza na daktari wa watoto ninayemwamini, bila kumtajia wewe ni nani wala uko wapi. Alinikumbusha mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi, ila hatia imeyafunika. Vifuko vya hewa vya mapafu ndani vina unyevunyevu, na unyevunyevu huo huvutana na kuvifunga kila mtoto anapotoa pumzi. Aliyetimiza miezi yake ana utando wa mafuta unaoitwa safaktanti, unaozuia vifuko visishikane. Utando huo huanza kutosha mimba ikikaribia wiki ya 34 au 35. Mtoto wa wiki 30 anavifungua vifuko upya kila anapovuta hewa, kama mtu anayepuliza puto lililogandana, mara hamsini na kitu kwa dakika, usiku na mchana, mpaka nguvu zinamwishia. Mashine huviacha vifuko wazi kidogo ili asianze upya kila mara. Kwa kawaida shida huzidi siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua mtoto anapoanza kutengeneza utando wake mwenyewe.

Nikamsomea namba zako: siku ya tatu, 94, mara 56 kwa dakika, kifua kimetulia. Akaniambia mtoto wa namna hiyo ndiye ambaye daktari yeyote angeanza kumfikiria kumwachisha mashine. Wapo ambao wangesubiri siku moja zaidi, kama mashine ingekuwepo ya kutosha. Na kusahau kupumua, alisema, huwapata watoto njiti hata wakiwa kwenye sipapu, kwa sababu ubongo wenyewe haujakomaa, au kwa sababu kuna maambukizi ambayo bado hayajajionyesha, au kwa baridi. Nilimuuliza kama anaweza kuapa kuwa kuondoa mashine hakukuchangia chochote. Akasema hawezi, wala hakuna awezaye. Nakuandikia majibu yote mawili kama alivyonipa, kwa sababu nahisi ukipewa nusu ya faraja utaitilia shaka.

Kuna jambo nimelikumbuka nikikusoma. Agosti 1963 Rais John F. Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na zaidi kabla ya wakati, na uzito wake ulizidi kilo 2. Aliishi saa 39 akafa kwa ugonjwa huu huu wa mapafu yasiyokomaa. Chanzo kilikuwa kimeshajulikana: watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead walikieleza mwaka 1959. Kilichokosekana ni njia ya kuyaacha mapafu wazi. Daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco walitangaza yao mwaka 1971, na ile unayoitumia wewe ni ya ukoo huo: mrija wa kutolea hewa umezamishwa kwenye chupa ya maji, sentimita tano au sita, na kina hicho ndicho kinachoshikilia mapafu. Mtoto wa rais aliikosa. Watoto wako wawili waliikuta, ila ilikuwa moja. Ni kifaa kilichojengwa juu ya chupa na maji, na inaniuma kwamba muuguzi mmoja aachwe usiku wa manane kugawa kitu kama hicho kati ya roho mbili. Ulichagua, ndiyo. Lakini hukuchagua kiwe kimoja, wala hukuchagua kile kingine kikae kibovu.

Tuje kwa jirani yako. Naomba nikuulize, una hakika gani kwamba hajui? Akina mama wa wodi ya njiti hawalali. Kila baada ya saa tatu wanaingia kulisha, wanajua mashine ya nani inabubujika na ya nani imenyamaza, wanajuana kwa majina ya watoto. Inawezekana saa 9 usiku alipoleta maziwa aliona puani mwa mwanawe pamebadilika. Inawezekana aliona, akaelewa, na ndoo ile ya viazi ni namna yake ya kukuambia jambo ambalo nyote wawili hamjapata mlango wa kulianza. Inawezekana pia hakuona kitu kabisa. Mimi sijui, lakini nawe umeishi mwaka mzima kana kwamba unajua.

Na neno "ukweli" lenyewe, hebu tulipasue. Ndani yake mna zaidi ya kitu kimoja, na si vyote ni mali yako.

Ugonjwa wa mwanawe, alivyotibiwa, alivyobadilishiwa tiba na saa ngapi, hayo ni yake. Hata asingekuwa jirani yako yangekuwa yake. Lakini kuna mtoto wa kike ambaye sasa yuko mgongoni mwa mama yake, pengine kwenye soko hilo hilo. Siri ya mtoto yule na mama yake uliapa kuitunza, na maadili ya kazi yenu hayakuruhusu kuigawa, hata kwa nia njema. Mkiwa mji mdogo kama unavyosema, ukitamka "mtoto mwingine aliyeletwa usiku ule," jirani yako atamtambua kabla ya jua kuzama. Na mama mkwe je, yule aliyepata neno la kusema juu ya kuni? Hilo linanitisha kuliko polisi. Mtoto asiye na kosa anaweza kukua akinyooshewa kidole kuwa anapumua hewa ya mwenzake.

Halafu kuna kweli ambayo haina hatari yoyote, na ninashangaa kidogo, mwanangu, kwamba hujaitoa. Kuni. Hakuna atakayekufukuza kazi kwa kumwambia jirani yako kuwa mapafu ya mwanawe yalikuwa bado kwa sababu ya wiki zake, na kwamba uchungu wa mapema mara nyingi chanzo chake hakijulikani hata hospitali kubwa. Anaozea ndani ya lawama ambayo wewe, peke yako mtaani pale, una elimu ya kuifungua. Nadhani najua kwa nini umenyamaza: ukianza kusema chochote unaogopa yote yatamwagika. Naielewa hofu hiyo. Ila angalia bei yake, na angalia nani anayeilipa.

Sasa njia zilizopo. Unaweza kumwambia yote, wewe na yeye tu, jikoni kwako. Wapo waliofanya hivyo wakakumbatiana wakalia. Wapo waliofungiwa mlango, na wengine waliofikishwa kwenye ofisi ya mtendaji. Usije ukadhani msamaha ni lazima, hana deni hilo kwako. Tena jiulize mzigo unautua kwa nani. Ana mimba ya miezi minne na anaogopa. Kama unamwambia ili wewe ulale, kuna uwezekano mkarithishana kukosa usingizi.

Unaweza pia kumwambia yaliyo yake tu, ukiwa na daktari wa usiku ule au daktari mwingine wa watoto, faili likiwa mezani: siku ya tatu alionekana amepata nafuu, akaondolewa kwenye mashine, akahamishiwa oksijeni ya kawaida, saa 11 akasahau kupumua, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika ingekuwaje kama angebaki. Hayo yanasemeka bila kumgusa mtoto wa kike. Lakini akikuuliza, "Mbona mlimwondoa usiku wa manane?" jibu lako utakuwa umeliandaa? Kusema uongo hapo ni kubaya kuliko kunyamaza kwa mwaka mzima. Kusema "kulikuwa na uhitaji mwingine wodini, zaidi ya hapo siruhusiwi" ni kweli, ila huenda likamtosha au likamwasha.

Kwa upande wa kiongozi wako, simtetei wala simlaumu, pengine naye ana usiku wake anaouficha. Ila hospitali zetu zina utaratibu wa kupitia vifo vya wajawazito na watoto wachanga, na msingi wake ni kutafuta kilichopungua bila kumtafuta mtu wa kumtwika. Je, kifo hiki kilipitiwa hivyo, au faili lilifungwa tu? Kama hakikupitiwa, huenda hapo ndipo kauli yako inapaswa kusikika kwanza, maana pale unaweza kutaja mashine mbovu na watoto 11 kwa muuguzi mmoja. Na kwa kuwa polisi wametajwa, ongea na watu wa chama chenu cha wauguzi kabla hujakaa na familia. Hiyo si woga.

Uhamisho sina mengi ya kusema. Kama mwili umechoka, pumziko ni haki yako. Ila kule utakakokwenda pia kuna njiti, na chupa inabubujika vilevile.

Mimba hii ndiyo inayonifanya nisikushauri uchelewe. Mwanamke aliyewahi kujifungua kabla ya wakati ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia, na wewe unalijua hilo kila anapokupita akiwa na ndoo kichwani. Anahitaji tarehe zake zihesabiwe sawasawa sasa hivi, aonwe na daktari wa akina mama mapema, ajue dalili za uchungu wa mapema kwa majina yake ya kawaida: mgongo unaokaza na kuachia, maji, damu. Tangu madaktari Liggins na Howie wa New Zealand walipotoa matokeo yao mwaka 1972, inajulikana kuwa sindano anayopewa mama kabla ya kujifungua huharakisha mapafu ya mtoto kukomaa. Lakini inataka awahi, umri wa mimba ujulikane, na awe mahali panapoweza kumhudumia mtoto akishatoka. Akijifungulia kituoni usiku, nafasi hiyo imempita. Ni salama zaidi mtoto njiti kusafirishwa akiwa tumboni kuliko kwenye gari la wagonjwa kupanda milima ya huku. Ongeeni mapema juu ya kwenda kungojea karibu na hospitali kubwa ya rufaa kama dalili zitaanza. Na kama mtoto atakuja mdogo tena, mama akae naye kifua kwa kifua, yaani kangaruu, tangu mwanzo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, Tanzania ikiwa mojawapo ya nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kuwa watoto wa kati ya kilo 1 na 1.8 waliowekwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache, pungufu kwa karibu robo, kuliko waliosubiri kwanza wapate nafuu.

Hayo unaweza kumpa iwe umemwambia au hujamwambia. Kuwepo leba ni jambo jingine. Huna wajibu wa kuwa mkunga wake. Unaweza kumsindikiza kliniki na bado ukasema, "Siku yenyewe nitakuwa nje na mama zako, ndani awepo mwingine." Pengine hata hilo litafungua swali, naye atauliza kwa nini. Pengine utakuwa tayari siku hiyo, pengine hutakuwa.

Kitu kimoja nimekiona kwenye barua, nakisema kwa upole. Umemwita "yule wa kwanza," kisha ukamwita tena hivyo hivyo. Alikaa wodini kwako siku tatu, mama yake akimkamulia maziwa kila baada ya saa tatu. Bila shaka alikuwa na jina, hata kama halikuandikwa popote. Mwaka mzima huu kuna mtu aliyemuuliza? Akija tena na viazi, mkaribishe aketi, umuulize alikuwa amempa jina gani. Usipange cha kusema baada ya hapo. Halafu niandikie.